Snapshoti Arobaini na Moja na Mtamba wa Mama Qabale

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku njema sana. Bwana Mwaringa, meneja wetu hapa Ushirika wa Wafugaji, ametangaza kwamba Ijumaa atamteua Mkuu wa Kompyuta. Tunaoweza kazi hiyo tuko wawili tu Garsen nzima: mimi, Komora, na Abdia wa daftari la mifugo. Kwa hiyo ni mimi.

Nina silaha. Daftari lote la ng'ombe, chapa zao, masikio yalivyokatwa, majina ya wenyewe, liko ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa ndani ya seva yetu. Tangu Aprili, kila Abdia akikaa kuandika, naipiga ile mashine snapshoti. Ni picha ya jinsi ilivyo dakika hiyo, ili ikiharibika tuirudishe. Na ijulikane nani kaiharibu! Leo nimehesabu snapshoti arobaini na moja. Abdia hajaharibu kitu hata mara moja. Inaudhi.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Daftari limegoma asubuhi. Seva inasema nafasi imekwisha. Snapshoti zangu zimekuwa zikinenepa kimyakimya tangu Aprili, kumbe!

Bwana Mwaringa akauliza kuna nini. Nikamwambia ni picha za Abdia. Kila ng'ombe anampiga mbele, nyuma, kushoto, kulia, kama bibi harusi. Abdia akaniangalia. Meneja akaniagiza nizipunguze.

Kwanza nikafuta mechi tano za mpira nilizokuwa nimezificha kwenye seva, nje ya mashine pepe. Iliniuma. Daftari likaamka. Kisha nikaingia ndani ya mashine, nikafuta picha mia sita za matako ya ng'ombe. Nafasi haikuongezeka. Ikapungua! Maadamu kuna snapshoti, mashine haitupi kitu. Hata kule kufuta kwenyewe inakuandika kama jambo jipya la kutunza. Nani alibuni upuuzi huu?

Saa nane akaja Mama Qabale. Mtamba wake alipotea wakati wa mvua, sasa ameonekana katika kundi la mzee Jilo. Chifu atasikiliza kesi Alhamisi, hapa hapa ofisini, na daftari letu ndilo shahidi. Mama hana ng'ombe mwingine wa kukamua mwakani. Bwana Mwaringa akamwambia asiwe na wasiwasi. Nami nikamwambia, kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimejaribu kufuta snapshoti kwa njia ya halali. Programu ikajibu kwamba ili iziunganishe inahitaji nafasi kwanza. Yaani nipate nafasi ili nipate nafasi!

Abdia akapita nyuma ya kiti changu. Akasema taratibu kwamba niazime diski ya nje, nihamishie vitu vingine huko, halafu nifute snapshoti moja moja, kwa subira. Nikamshukuru. Nikamwambia nilikuwa nimeshafikiria hivyo. Nikubali ushauri wake siku mbili kabla ya uteuzi? Labda niwe nimelogwa.

Nilipokuwa nakula mchana ndipo akili ikanijia. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Wema, nimekulia migombani. Mgomba mkuu ukishazaa unaukata, machipukizi yanapata nafasi yanasimama vizuri. Nikaizima mashine, nikafungua folda, nikapanga mafaili kwa tarehe. La kale kuliko yote hilo hapo: kubwa ajabu, halijaguswa tangu Aprili! Miezi mitano limelala tu, linakula nafasi ya wenzake. Nikalikata.

Nusu ya seva ikawa tupu papo hapo. Nikaagiza chai na mahamri mawili. Mashine sijaiwasha. Nikawaambia wote ni matengenezo. Kesho itaamka na nguvu mpya.

Alhamisi, 11 Septemba

Haikuamka.

Chifu amekaa. Mzee Jilo amekaa. Mama Qabale amekaa ukingoni mwa kiti, mtandio ameukunja ngumini. Nami nabonyeza, nabonyeza. Nikasema umeme uko chini. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Jilo akaitazama feni, akanitazama mimi.

Abdia akaja kuangalia. Akauliza faili la Aprili liko wapi. Nikamweleza habari ya mgomba. Akafumba macho. Akasema lile ndilo diski yenyewe, snapshoti zote arobaini na moja zimeshika mabadiliko tu na zinalitegemea hilo. "Komora, umechinja mama. Ndama arobaini na mmoja watanyonya wapi?"

Kwao ni wafugaji. Ningewezaje kujua?

Akafungua mkoba, akatoa diski ndogo, akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani kwake. Nakala ya daftari, pamoja na picha zote. Akamtafuta mtamba wa Mama Qabale. Sikio la kushoto lina mapengo mawili. Jilo akasema wa kwake pia wako hivyo. Ndipo Abdia akafungua picha ya nyuma. Baka jeupe chini ya mkia, lenye umbo la jani! Wakatoka nje kumtazama mnyama, aliyeletwa kwa ajili ya kesi. Baka hilo hapo. Jilo akasema basi, alidhani kazaliwa zizini kwake, Mama amchukue. Mama Qabale akamshika Abdia mikono yote miwili, akalia.

Niliona aibu. Kweli niliona aibu, kama dakika tatu.

Halafu nikamnong'oneza Bwana Mwaringa kwamba ile nakala ni mimi niliyemwagiza Abdia awe anaitoa. Akafurahi. Akauliza huwa anaitoa siku gani. Nikasema Jumatatu. Akamgeukia Abdia. Ijumaa, akasema Abdia.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkuu wa Kompyuta: Abdia. Ofisi nzima ilipiga makofi. Mimi nilipiga kwa mkono mmoja na kikombe. Nimekuwa msaidizi wake. Meneja amenishauri nijifunze kwake unyenyekevu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashine mpya imesimama, nafasi tele. Abdia ametoa amri yake ya kwanza: snapshoti ipigwe tu kabla ya kazi kubwa, na isikae zaidi ya siku tatu. Akanipa nywila ili niwe ninazifuta. Mimi! Akasema ananiamini. Moyo ulinilainika, nusura niombe msamaha.

Lakini Mkuu mpya hakosi kuteleza wiki ya kwanza, na akiteleza lazima pawe na ushahidi. Alipokaa tu kitini, nikapiga snapshoti moja. Saa sita nimepiga nyingine, maana ile ya asubuhi ilikuwa imeshazeeka.