Krimu Ilivyopigiwa Kura

Habari iliyovuruga kijiwe asubuhi ile ilikuwa ukurasa wa nane wa gazeti, chini ya tangazo la magodoro. Ilisema kwamba katika sherehe ya kufunga mwaka ya ofisi moja kubwa, mkurugenzi alihutubia dakika arobaini, wageni wakiwa wamesimama na vijiglasi vya kileo cha tabaka tatu mkononi. Alipomaliza, tabaka zote tatu zilikuwa bado zimesimama, lakini wageni wanane walikuwa wameketi sakafuni.

Aliyeisoma kwa sauti alikuwa Mwenyekiti, karani mstaafu. Aliitwa hivyo kwa sababu pale kijiweni, nje ya duka la cherehani, wengine walikalia benchi na yeye peke yake alikuwa na kiti chenye mgongo. Uchaguzi haukuwahi kuitishwa.

"Sasa niambieni," alisema, akishusha miwani hadi ncha ya pua. "Kimiminika kinakaaje juu ya kimiminika kingine dakika arobaini bila kuchanganyika, wakati watu wenye mifupa wameshindwa?"

"Wametia gundi," alijibu Rangi Mbili, mpaka rangi ambaye suruali yake ilikuwa na kumbukumbu ya kila nyumba aliyowahi kuipaka.

"Gundi, halafu watu wanywe?" aliuliza Daktari. "Unataka matumbo ya watu yafungwe kama bahasha?"

Daktari alikuwa mlinzi wa geti la hospitali kwa miaka kumi na moja, na magonjwa yote aliyoyajua aliyafahamu yakiwa yanaulizia njia.

Ndani ya duka, hatua mbili kutoka benchi, fundi cherehani aitwaye Pindo aliisikia habari hiyo kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kituo cha polisi. Juu ya meza yake ya kukatia vitambaa palikuwa na chupa tatu na vijiglasi kumi na viwili vitupu, navyo vilikuwa vikimtazama tangu saa mbili.

Maana siku hiyo ilikuwa sherehe ya mwisho wa mwaka nyumbani kwa dada yake, saa tisa alasiri. Dada huyo ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Mwaka uliopita alimkabidhi Pindo kazi ya kuleta keki, na Pindo akaileta kwapani, kama anavyobeba jora la kitambaa. Tangu hapo, kila shughuli ya ukoo ikifika, Dada humwambia kwa upole, "Wewe kaa tu, mdogo wangu, upumzike." Pindo alikuwa ametukanwa mengi na wateja, yakiwemo ya kuhusu vipimo vya viuno vyao, lakini hakuna lililomchoma kama hilo "kaa tu." Mgeni ndiye anayeambiwa akae tu.

Kwa wiki tatu aliomba apewe kazi yoyote. Hatimaye Dada akamletea chupa. Moja ya sharubati nyekundu ya komamanga, moja ya likeri ya kijani ya mnanaa, na moja ya likeri ya krimu, kile kileo kitamu cha rangi ya maziwa ambacho shangazi hunywa huku wakisema wao hawanywi.

"Saa sita nitapita dukani," alimwambia. "Nikute glasi moja ya mfano. Nyekundu, kijani, nyeupe, kila moja mahali pake. Nikikuta tope, leo utakaa sebuleni na wageni wenzako, na mwakani vilevile."

"Ndiyo, Dada," alijibu Pindo, bila kuuliza ipi inaanza chini. Kuuliza kungekuwa kukiri.

Sasa ilikuwa saa nne. Akatoka na sinia lenye chupa, glasi na kijiko, akaliweka juu ya kigoda katikati ya kijiwe.

"Jamani, hiyo picha ya gazeti inaonyesha rangi gani iko chini?"

Mwenyekiti akalisogeza gazeti machoni. Picha ilichapishwa kwa nyeusi na nyeupe. Glasi ilikuwa na kijivu, kijivu zaidi, na kijivu cha kukata tamaa.

"Tafuta kwenye simu," alisema Rangi Mbili.

Simu yake ilikuwa na chaji bila mtandao. Ya Daktari ilikuwa na mtandao bila chaji. Ya Pindo ilikuwa kwa fundi simu, na ya Mwenyekiti ilikuwa ya vibonye na haikuruhusiwa kuguswa. Basi akili za watu waliokuwepo zikalazimika kutumika, kitendo ambacho hapo kijiweni hakikuwahi kuisha salama.

"Hili ni jambo la uzito," alitamka Mwenyekiti. "Kizito hukaa chini. Ni kipi kizito?"

"Krimu," alisema Rangi Mbili. "Tazama inavyotoka, kama rangi ya mafuta."

"Krimu," aliunga mkono Daktari. "Ukila vitu vya maziwa mchana unalala. Kitu chepesi hakimlazi mtu."

"Pimeni," ilisema sauti kutoka duka la pili.

Ilikuwa ya Mama Mizani, muuza nafaka, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nyuma yake ilining'inia mizani ya shaba yenye sahani mbili, umbali wa hatua nne kutoka kwenye sinia.

"Mama, tunakuheshimu," alisema Mwenyekiti, "lakini hoja imeshafika mezani. Wanaosema krimu ikae chini?"

Mikono mitatu ikapanda. Mama Mizani akapinga kwa kutikisa ungo. Pindo hakupiga kura, maana mtu aliye kwenye chumba cha upasuaji huwa haulizwi kisu kipite wapi.

Krimu ikatangulia chini. Pindo akageuza kijiko, akakiegemeza ukutani mwa glasi, akamimina kijani taratibu juu ya mgongo wa kijiko, kisha nyekundu. Nyekundu ikazama hadi sakafuni, kijani ikafuata kuitafuta, na krimu iliyokuwa chini ikapanda juu kuuliza kuna nini. Rangi iliyobaki ilikuwa ya maji ya deki.

Kijiwe kikaiinamia glasi kwa heshima.

"Hiyo haiwezi kubaki pale," alisema Mwenyekiti. "Dada yako akiiona itamvunja moyo." Akaiinua, akaimaliza kwa funda moja, akaifuta midomo yake kwa leso iliyokunjwa. "Ladha yake ni ya kusikitisha. Tuendelee."

"Tatizo ni mkono wa kwanza haukukauka," alisema Rangi Mbili. "Huwezi kupaka mkono wa pili juu ya ubichi. Lete feni."

"Kimiminika kikikauka utakinywa na nini, mswaki?" aliuliza Daktari.

"Wewe nyamaza, hujawahi kupaka hata kucha."

"Na wewe hujawahi kumtibu hata kuku."

Feni ikaletwa, ikapuliza glasi ya pili dakika kumi. Safari hii walipiga kura kwamba kijani ianze, kwa sababu Rangi Mbili alisema kijani ni rangi ya msingi wa nyumba. Nyekundu ikaipita katikati kama mtu aliyesahau ufunguo ndani. Rangi Mbili akaiondoa ile glasi mbele ya macho ya umma, akalamba na ukingo.

"Mnanaa umezidi," aliripoti. "Lakini tusikate tamaa."

Glasi ya tatu ilianza na krimu tena, kwa hoja ya Daktari kwamba jana krimu haikuwa imepumzika.

"Jana gani?" aliuliza Mama Mizani. "Ni nusu saa iliyopita."

"Kitaalamu, mama, hiyo ni jana."

Ya tatu akaiondoa Daktari mwenyewe, akishika mapigo ya mkono wake huku akinywa. Ya nne ilikwenda kwa Mwenyekiti kwa sababu ya cheo. Kila mara kura zilikuwa tatu kwa moja, kila mara rangi ikawa ya deki, na kila mara wajumbe walisikitika sana. Ila huzuni yao, Pindo alianza kuona, ilikuwa huzuni yenye midomo inayong'aa.

"Mzee," alisema polepole, "vitu vitatu vina njia sita za kupangwa. Mbona nyekundu haijaanza chini hata mara moja?"

"Nyekundu?" Mwenyekiti alicheka kwa huruma. "Ile ni sharubati, mwanangu. Kinywaji cha watoto. Kitu cha watoto kitambebaje mtu mzima?"

"Haina hata kileo," aliongeza Daktari. "Haina nguvu ya mgongo."

"Nilishawahi kuona nyumba yenye msingi mwekundu," alisema Rangi Mbili kwa sauti ya msiba. "Ilibomolewa."

Kura zikapigwa. Krimu ikashinda kwa mara ya tatu. Glasi ya tano ikatoka tope, na mikono mitatu ikaifikia kwa pamoja.

Saa ya ukutani dukani ilionyesha saa sita kasoro robo. Pindo akainua chupa ya krimu kwenye mwanga. Dada hakuwa ameileta imejaa, na sasa kilichobaki kililala kwenye kona ya chini kama mtoto aliyekataa kuamka. Akayaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Krimu hiyo ilitosha glasi moja. Na watu hawa aliokaa nao miaka sita wangepiga kura ya kukosea hadi chupa zikauke, tena kwa moyo safi, bila hata mmoja wao kujua kwamba anafanya hivyo.

Alichukua glasi mbili, akajaza moja nyekundu hadi ukingoni, nyingine kijani hadi ukingoni, akatembea zile hatua nne.

"Mama, naomba mizani yako."

"Nimekaa nakungoja tangu saa nne," alisema Mama Mizani, akipangusa vumbi la maharage kwenye sahani.

"Kikao hakijaidhinisha," aliita Mwenyekiti. "Mizani si mjumbe. Haina haki ya kupiga kura."

Sahani yenye nyekundu ikashuka, ikagonga meza. Pindo akaziondoa glasi, akaweka kifuniko cha chupa chenye kijani kwenye sahani moja, na kingine chenye krimu kwenye sahani ya pili, maana krimu ya kujaza glasi nzima asingethubutu kuimwaga. Kijani ikashuka, kidogo tu, kwa aibu, lakini ikashuka. Mama Mizani hakusema "niliwaambia." Alirudi kwenye ungo wake na kuchambua kwa kelele zaidi kuliko maharage yalivyohitaji.

Pindo akairudisha krimu ya kifunikoni kwenye chupa yake hadi tone la mwisho, akaketi kwenye kigoda, akafuta glasi moja kwa kitambaa safi. Hata Daktari aliacha kujipima mapigo.

Nyekundu ikaingia kwanza. Kisha akageuza kijiko, na mkono ule unaopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani ukaanza kumimina kijani, nyembamba kama uzi. Ikatua juu ya nyekundu, ikakaa. Ikabaki krimu. Aliimimina akiwa amezuia pumzi, akahisi kivuli kimeanguka juu ya sinia, asigeuke. Tone la mwisho likaning'inia kwenye ncha ya kijiko, likafikiri, likashuka.

Nyekundu, kijani, nyeupe. Mistari miwili kati yake ilikuwa imenyooka kama mshono.

Kivuli kilikuwa cha Dada. Alisimama na mkoba begani, akaitazama glasi, akazitazama glasi tano zenye mabaki ya tope, akazitazama chupa. Mwisho akawatazama wale waungwana watatu, ambao kila mmoja alikuwa amepata ghafla jambo la kusoma katika gazeti lilelile.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Mwenyekiti.

"Marahaba, binti yangu," alijibu Mwenyekiti, kwa lugha iliyokuwa na herufi nyingi kuliko kawaida.

"Hii imekaa vizuri," Dada alimwambia Pindo. "Na krimu ya zile kumi na moja iko wapi?"

"Shemeji," aliwahi Rangi Mbili, "kuna joto sana leo, na krimu ni kitu kinachoruka hewani, ukiacha wazi tu..."

"Imenyweka, Dada," alisema Pindo. "Nilikosea mara tano. Sikujua ipi inaanza chini na sikutaka kukuuliza. Nimejua sasa hivi tu, na iliyobaki ilitosha hii moja."

Alisubiri. Kwa mbali alikwisha kuliona kochi la sebuleni, lile la wageni, na soda inayoletwa kwa sahani, na mtu akimuuliza kama yuko sawa.

Dada aliinua glasi, akaielekeza kwenye jua, akaigeuza huku na huku. Haikutikisika.

"Mwaka jana ulinipa sababu saba," alisema. "Nilizihesabu. Leo hukunipa hata moja." Akainywa yote, taratibu, akafumba macho kidogo ilipofika nyekundu. "Chupa za sherehe ziko kabatini nyumbani, zimejaa. Hizi nilikupa za kujifunzia. Kijiwe chako nakijua."

Pindo akazitazama upya zile chupa tatu.

"Badilisha shati, una nyuzi hadi masikioni. Huwezi kuwahudumia wageni wangu hivyo. Na njoo na kijiko hichohicho."

Alifunga duka kwa haraka ambayo wateja wake hawakuwahi kuiona. Walipokuwa wanaondoka, Mwenyekiti alikohoa.

"Binti yangu, kikao kimepitisha kwa kauli moja kwamba wajumbe wamsindikize fundi, kwa usalama wa vyombo."

"Nyumbani kwangu hatupigi kura, mzee," alisema Dada. "Mama Mizani, saa tisa tunakungoja."

"Nitakuja," alisema Mama Mizani.

Pindo alitembea kando ya dada yake akiwa amekishika kijiko kama fimbo ya cheo. Nyuma yao alimsikia Mwenyekiti akitangaza kwamba kikao kimefungwa na wajumbe wote wasimame. Akageuka kutazama. Mwenyekiti alikuwa ameshika mikono ya kiti chake na kujaribu kunyanyuka. Mguu wa kulia ulikubali, wa kushoto ukapinga, na kwa kuwa kura zilifungana, mwenye kiti akarudi kukaa.