Mizunguko Ishirini na Moja ya Bwana Stempu

Aliyeanzisha alikuwa Gazeti, kama kawaida yake. Gazeti ni kinyozi, ila kila asubuhi kabla hajafungua saluni hukaa kwenye benchi la muuza chai aitwaye Tangawizi, pale juu ya njiapanda ya hekalu mjini Karad, India, akawasomea wenzake habari kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

"Sikieni hii! Eti miaka michache ijayo magari ya klachi hayatatengenezwa tena. Yote yatakuwa otomatiki. Vijana hawataki kubadilisha gia, wanasema inachosha mguu."

"Mguu upi?" akauliza Mjeshi, dereva mstaafu wa malori ya jeshi.

"Wa kushoto."

"Mguu wa kushoto wa vijana wa siku hizi umefanya kazi gani tangu uzaliwe, hadi uchoke?"

Benchi zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni Madhukar Phadnis, maarufu kama Bwana Stempu kwa sababu ya miaka thelathini na nne aliyokaa dirishani posta. Akaweka glasi chini, akajipangusa masharubu.

"Otomatiki si gari," alisema. "Ile ni lifti iliyolazwa. Unakaa, unabonyeza, unapelekwa. Mwanaume anaendesha manyuali. Gia unaitafuta mwenyewe, unaiingiza mwenyewe, na ukikosea unatukanwa mwenyewe."

"Maneno ya dereva kabisa hayo," Mjeshi akasema polepole. "Sasa dereva, lile gari lako litatembea lini?"

Wote wakageuza shingo. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya Stempu, pua ikitazama mteremko, kilisimama kigari kipya cheupe, kile cha mkia mfupi ambacho mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu. Kilikuwa na shada la maua ya manjano shingoni, utepe mwekundu kwenye kioo, na viti bado vimevaa plastiki. Chini ya kila tairi kulikuwa na ndimu moja, inayosubiri kupasuliwa siku mwenye gari atakapoondoka nalo mara ya kwanza, ili husuda ipasuke pamoja nayo. Gari lililetwa na mpwa wake siku kumi na moja zilizopita. Tangu hapo halijasogea hata unywele. Ndimu ndizo zilikuwa zikibadilishwa, maana zilikauka.

"Saa nzuri haijapatikana," alisema Stempu.

"Jumatatu ulisema saa mbaya," alisema Tangawizi akimimina chai kutoka juu bila kutazama. "Jumanne nyota. Jumatano paka. Mimi nauza chai ya ndimu hapa, mzee, na nyumba yako sasa inatumia ndimu nyingi kuliko mimi."

"Yule paka alikuwa mweusi!"

"Yule paka ni wa kwangu na ni wa kijivu."

Stempu alinywa chai iliyokwisha. Ukweli aliujua yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani. Leseni yake aliipata zamani sana kwa kumfahamu mtu aliyemfahamu mtu. Kuendesha kwenyewe aliendesha mara moja, mwaka ule ule, na kuku wa watu walilipwa. Lakini leo hakuwa na pa kukimbilia. Kaka wa mkewe, Sudhakar, mwenye gari kubwa la otomatiki na mdomo mkubwa kuliko gari, alikuwa ametoa tamko mbele ya ukoo mzima: Jumapili nakuja saa nne, na kama hicho kigari hakijatembea, nachukua funguo, dereva wangu atakitumia kuliko kikaoze. Mkewe Kusum, mama wa mtoto wao Mukta, alikuwepo siku ile. Alimtazama tu mumewe, na jicho lile lilimuuma kuliko tamko lenyewe.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

"Shemeji yako anakuja leo, si ndiyo?" Gazeti akachokoza.

"Aje tu. Naliondoa sasa hivi," Stempu akasikia mdomo wake ukisema.

Tangawizi alisimamisha birika hewani. Stempu akavuka barabara, benchi zima nyuma yake, akaingia, plastiki ikapiga kelele chini ya makalio, akazungusha ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Tik.

"Betri imekufa," Mjeshi akatoa hukumu. "Umelifanyaje gari jipya?"

"Sijalifanya chochote! Jioni huwa nakaa humu nasikiliza redio kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Mpaka nyimbo za zamani ziishe."

"Siku kumi na moja! Bwana, umenunua redio yenye matairi!"

Moyo wa Stempu ulipanda kwa furaha. Betri imekufa! Sababu imekuja yenyewe, na safari hii si paka. Alikuwa tayari ameshika mlango ashuke, Mjeshi alipouegemea kwa nje na kuufunga.

"Unakwenda wapi? Si ulisema manyuali ndiyo gari? Basi uzuri wake ndio huu. Otomatiki ikifa betri unaita fundi. Hii tunaishtua! Ingiza gia ya pili, kanyaga klachi. Likishika mwendo uachie. Jamani, nyuma, sukumeni!"

"Mafuta yamo?" Gazeti akauliza akikunja mikono ya shati.

"Gari jipya linakuja na mafuta yake," alijibu Stempu kwa hadhi.

"Dukani wanaweka ya kunusia tu, mzee."

Lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Mjeshi alikuwa anahesabu kijeshi. Gia ya pili ikaingia baada ya kutafutwa kama miwani. Ndimu nne zikapasuka kwa mpigo, mtaa ukashangilia, kigari kikaanza kuteremka.

"Achiaaa!"

Akaachia. Kigari kikaruka kama mbuzi aliyechomwa sindano, kikakohoa, kikanguruma. Kimewaka!

"Usilizime!" Mjeshi alipiga kelele akikimbia pembeni. "Likizima hapo chini hakuna mteremko, hatuliwashi tena! Zunguka hekalu ulirudishe!"

Akazunguka. Hekalu la Ganpati, mungu mwenye kichwa cha tembo, liko katikati kabisa ya njiapanda, dogo, rangi ya chungwa, na magari hulizunguka kwa mkono ule ule ambao waumini hulizunguka kwa miguu. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, na Stempu akajiona dereva. Ulipofika mwisho, barabara ya nyumbani ikawa mbele yake ikipanda, na ng'ombe amelala katikati yake. Akapitiliza. Mzunguko wa pili ng'ombe alikuwepo. Wa tatu pia.

"Simama!" Gazeti alipaza sauti. "Simama tumwondoe ng'ombe!"

Hapo ndipo Stempu alipogundua jambo la kutisha. Chini kulikuwa na pedali tatu. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye ya mafuta, hilo alilijua kwa sababu gari lilikuwa linakwenda. Mbili zilizobaki zilikuwa zimefanana kama mapacha, na hofu ilikuwa imefuta majina yao. Moja ingemsimamisha, nyingine hakujua ingemfanya nini. Akaona heri aendelee.

Mzunguko wa tano, mwanamke muuza maua akasimama, akaunganisha viganja. Wa saba, kuhani akatoka hekaluni na kengele mkononi.

"Huyu nani anayezunguka na gari jipya, hata kupiga honi hapigi?"

"Phadnis wa posta," alisema muuza maua.

"Ameweka nadhiri! Na hajazungumza na mtu! Mpisheni!" Kuhani akaanza kupiga kengele.

Watu wa benchi wakatazamana. Tangawizi alijiziba mdomo kwa kitambaa cha birika. Mjeshi, aliyewahi kuvuka mito na lori la mabomu, alikuwa amekaa chini kwenye vumbi akilia kwa kicheko.

Saa nne kamili Sudhakar akafika. Akashusha kioo cha gari lake kubwa, tayari na maneno yake. Akaona kengele, akaona maua yakirushwa, akamwona mume wa dada yake amekaa wima, macho mbele, jasho linatiririka, midomo ikitetemeka kwa sala. Sala ilikuwepo kweli. Ilikuwa inamwomba Ganpati amkumbushe pedali.

"Anafanya nini shemeji?"

"Ishirini na moja," kuhani akasema kwa unyenyekevu. "Hesabu ya Ganpati mwenyewe. Usimkatize."

Sudhakar akameza maneno yake. Akatazama huku na huku, watu wote wamesimama viganja vimeungana, yeye peke yake anamulika taa za gari kuomba njia. Akaingiza gari lake nyuma ya kigari, akaanza kuzunguka naye. Muuza maziwa na pikipiki yake akafuata. Bajaji mbili zikafuata. Msafara ukawa mrefu, wote kwa mwendo wa gia ya pili.

Kisha, mbele kabisa ya mlango wa hekalu, kigari kikakohoa mara mbili, kikatetemeka na kunyamaza. Mafuta ya kunusia yalikuwa yamenuswa yote.

"Ishirini na moja!" kuhani akatangaza.

"Mimi nimehesabu kumi na tisa," alinong'ona Tangawizi.

"Ishirini na tatu," alisema Gazeti.

"Amesimamishwa na Ganpati mwenyewe mlangoni pake," alisema kuhani kwa ukali, "halafu nyinyi mnahesabu!" Ikawa ishirini na moja.

Stempu akashuka. Sudhakar alimjia mbio, akainama mbele ya umati wote, akamgusa miguu.

"Nisamehe, shemeji. Mimi nilikuwa nawaambia watu hujui kuendesha. Funguo kaa nazo."

"Mwanaume anaendesha manyuali," alisema Stempu kwa sauti iliyokauka, na mtaa ukapiga makofi.

Umati ukapasuka katikati kumpisha Kusum, aliyeshuka kutoka nyumbani na sinia la shaba, taa ndogo inawaka juu yake. Akaizungusha taa mbele ya boneti, akapaka gari alama nyekundu, kisha akamsogelea mumewe ampake na yeye kwenye paji la uso. Watu wakasema ooh, maana alimwinamia sikioni kama bibi harusi wa jana.

"Baba Mukta," alinong'ona, akipaka taratibu, "breki ni ile ya katikati."