Tafadhali Msiegemee Ukuta wa Mtakatifu Afra

Mheshimiwa Vikonti Tierri, hakimu wa mji wetu wa Akka na mlinzi wa mizani ya wauza samaki, waheshimiwa wazee wa baraza mlioketi kulia kwake, na wewe Mzee Pons uliyeketi kushoto kwa sababu ya sikio lako, Baba Arkidikoni, mwakilishi wa Baba Askofu, ambaye angekuja mwenyewe kama si tumbo, Ndugu Gosbert, msimamizi wa mali za shirika la watawa, Ndugu wa Mtakatifu Eutropi, majirani zetu wapendwa, ambao mtu akijikwaa popote mjini humu amejikwaa kwenye jiwe lao, Shemasi Barsauma wa Wakristo wa Kisiria pamoja na mkeo Maryamu, na ule ubao wako unaougonga badala ya kengele, ambao mimi kila alfajiri hudhani ni mtu anakata vitunguu (kicheko, Shemasi Barsauma hacheki), wake wa wavuvi, wake wa mafundi viatu, wajane wenzangu, na kuliko wote, mgeni rasmi wa moyo wangu, Padre Aimeri, mwanangu wa kumzaa. Simama wakuone, baba. Nyoosha mgongo. (Padre Aimeri anasimama, anaona haya, anakaa. Makofi.) Itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau nitamtaja baadaye, muda upo.

Anayezungumza nanyi ni Richolda, mjane wa marehemu Anselm mwokaji, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, Mratibu wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Ujenzi, na mama mzazi. Hicho cheo cha mwisho sikuteuliwa na mtu, nilikisotea.

Ndugu wananchi na wadau wa maendeleo, tumekusanyika jioni hii kulifungua rasmi Kanisa la Mtakatifu Afra, ambalo mnaliona hapa nyuma yangu likiwa na milango yake miwili, madirisha yake, na njiwa wawili pale juu ambao hata hawaruki, kwa jinsi walivyolizoea. Kwa niaba ya kamati naomba jambo moja tu: mtu asiegemee ukuta. Rangi bado mbichi.

Sasa, kwa faida ya wageni na ya sikio la Mzee Pons, nitoe ufafanuzi wa kisera. Sheria ya mji huu inasema kwamba mtu akishika kiwanja mwaka mzima na siku moja, akakitumia mchana kweupe watu wakimwona, na asijitokeze wa kumpinga, basi kiwanja ni chake, na atakayekuja kulalamika baadaye akamlalamikie paka. Kupinga nako kuna utaratibu wake. Mpingaji anasimama mbele ya Vikonti na baraza, kabla ya mwito wa sala ya jioni, anatamka maneno matatu, "Napinga umiliki huu", asiyameze, asiyakate, yasikike yote. Mwaka wetu uliisha jana. Leo ndiyo ile siku moja. Jua, kama mnavyoliona, bado liko juu kidogo ya mnara wa bandari. Kwa hiyo hotuba yangu itakuwa fupi.

(Ndugu Gosbert anasimama: "Mheshimiwa Vikonti, mimi napi—")

Maoni yote baada ya hotuba! Tunayo ratiba, ndugu yangu, tusirudi nyuma kimkakati. Na kabla sijasahau, tumwombe mlezi wetu. Mtakatifu Afra!

(Umati: "Utuombee!" Ndugu Gosbert naye: "Utuombee." Anakaa, anashangaa kwa nini amekaa.)

Mmeona? Mtu aliyeimba kwaya ya watawa miaka yote hiyo, ukimtajia mtakatifu, mdomo wake hauwezi kusema kitu kingine. Ni malezi mazuri, nampongeza mama yake.

Mtaniuliza, Mama Padre, Ndugu wa Mtakatifu Eutropi walikuwa wapi mwaka mzima? Nitajibu kwa uwazi na uwajibikaji. Walikuwa hapahapa! Wakipita asubuhi wananisalimia, wakipita jioni wananusa. Hawakupinga kwa sababu walidhani kiwanja tayari ni chao. Wana viwanja vingi hivyo! Juzi tu walipotaka kujenga zizi la nyumbu ndipo wakagundua hiki hawajakichukua. (Kicheko. Sauti: "Pole, Ndugu Gosbert!" Ndugu Gosbert: "Bi Richolda, malizia basi.") Namalizia, nipo kwenye utangulizi. Mimi sina ugomvi na nyumbu. Nyumbu ni mdau. Lakini Baba Arkidikoni alitamka wazi, uani kwangu, kuku wangu wakisikia, kwamba padre asiye na kiwanja cha kusalia Akka hana kazi Akka, na kwamba likizama jua leo bila ya kiwanja, mwanangu kesho anapelekwa ngome ya mpakani, kule kwenye madimbwi, akawasomee misa mbu. Mwanangu! Mwenye kifua! Aliyekohoa tangu Kwaresma hadi Pentekoste, mimi nikimsugua mafuta ya zeituni mgongoni!

(Padre Aimeri: "Mama, hilo si lazima walijue.")

Kaa, baba, ni takwimu. Na tukija kwenye takwimu, utafiti wa kamati, nilioufanya mwenyewe kisimani, unaonesha kwamba asilimia tisini ya wanawake wa mtaa huu wanaunga mkono kanisa hili, asilimia arobaini wanaliunga mkono sana, na aliyebaki ni dada yake Ndugu Gosbert. Waumini wameongezeka maradufu, tena bila kanisa kufunguliwa. Likifunguliwa itakuwaje?

(Sauti ya mvuvi kutoka nyuma: "Mama Padre! Mbona kanisa linanuka mkate?")

Ni harufu ya utakatifu.

("Na huo moshi?")

Ubani. Swali zuri, hayo mengine yaandikwe.

(Ndugu Gosbert anasimama upesi: "Napinga umili—")

Mtakatifu Afra! ("Utuombee!") Mtakatifu Nikola! ("Utuombee!") Mtakatifu Eutropi, mlezi wa Ndugu Gosbert mwenyewe! (Ndugu Gosbert, kwa sauti kuliko wote: "Utuombee!" Anakaa. Anajipiga paji la uso.)

Ahsante kwa ushirikiano. Nikirudi kwenye mada, Padre Aimeri alizaliwa usiku wa Epifania, akiwa na meno mawili tayari, mkunga yupo pale, mwulizeni. Alitembea kabla ya watoto wote wa mtaa wa wafua shaba. Kilatini alikijua kabla hajajua kujifunga mshipi, na mpaka leo Kilatini ndicho anachokijua zaidi. (Kicheko. Padre Aimeri anaangalia mshipi wake.) Walimu wake huko Tiro walisema hawajapata kuona mwanafunzi kama yule; sikuwauliza wana maana gani, niliondoka haraka wasije wakaendelea. Akiimba misa, mbwa wa bandarini hukaa kimya. Je, huo si utawala bora? Je, mtu wa namna hiyo mnampeleka kwenye mbu?

(Umati: "Hatumpeleki!" Upepo unapita. Sauti: "Mama Padre, ukuta umepumua!")

Ni mawe mepesi. Ya Kupro. Teknolojia mpya hiyo, inapokea upepo badala ya kushindana nao, na narudia kwa mara ya mwisho kwamba mtu asiegemee, hata wewe Mheshimiwa Vikonti, samahani, sogeza kiti kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo.

Sasa naona jua limegusa mnara. Naona jua limeuacha mnara. Naona, ndugu wananchi, jua halionekani tena, na kwa uelewa wangu mdogo sasa ni wakati wa kusikia kengele ya sala ya jioni, kisha tukale. (Watu wanasikiliza. Hakuna kengele.)

(Ndugu Gosbert anatabasamu. "Bi Richolda, kengele ya sala ya jioni mtaa huu ni ipi?" Mtu anamjibu: "Si ile yenu!" Ndugu Gosbert: "Ndiyo ile yetu. Na leo kamba yake ina kasoro kidogo, watawa wawili wameikalia. Isipolia, siku haijaisha. Wewe sema tu, mama. Mimi nina subira, na wewe una koo litakalokauka.")

(Manung'uniko. Vikonti: "Sheria ni sheria. Bila mwito, siku inaendelea.")

Vizuri sana. Ni changamoto, na changamoto ni fursa. Naendelea na aya ya pili. Maji yapo? Hayapo. Shemasi Barsauma, mbona unaondoka? (Maryamu mkewe amemnong'oneza kitu, Shemasi Barsauma anapenya katikati ya watu, anaelekea mtaa wa Wasiria.) Kama ni yale ya vitunguu, baba, nilitania! Haya, kaondoka. Mtakatifu Blasi, mponya makoo! ("Utuombee!") Mtakatifu Agata! Mtakatifu Lusia! Mtakatifu Kristina, yule mwenye nyoka! Mtakatifu... (anakohoa) ...mtakatifu yule mwenye kuku, jina nitaleta kwenye ripoti! ("Utuombee!") Mtakatifu Anselm!

(Ndugu Gosbert: "Yupi huyo?" Mjane mmoja: "Si ndiye marehemu mumewe?")

Aliishi nami, akafa bila kunung'unika. Ana haki ya kuombwa. ("Utuombee!") Na tusimame tumkumbuke kwa kimya, na katika kimya cha marehemu mtawa hasemi, Ndugu Gosbert, usinitazame hivyo. (Wanasimama. Wanakaa.) Tumkumbuke na mama yake. (Wanasimama. Wanakaa.) Na mbuzi... (Arkidikoni anatikisa kichwa.) Basi, mbuzi tumwache.

Ndugu wananchi... (sauti imekauka, inatoka kama mlango mbovu) ...ndugu wananchi, mimi... mwanangu...

(Padre Aimeri anasimama: "Mama, inatosha. Nitakwenda huko kwenye madimbwi. Nitavaa sufu." Ndugu Gosbert naye anasimama, anajipangusa kanzu, anasafisha koo. "Mheshimiwa Vikonti. Napinga—")

(Ngo! Ngo-ngo-ngo! Ngo! Kutoka juu ya kanisa la Wasiria, ubao unagongwa kama mlango wa mdaiwa.)

(Umati wote unageuka. Ndugu Gosbert: "Hiyo si kengele!" Shemasi Barsauma, kutoka juu ya paa, nyundo mkononi: "Ni mwito wa sala ya jioni! Tunauita hivi tangu babu zenu hawajajua meli inapandwa upande gani!" Ndugu Gosbert: "Mheshimiwa, ubao ni ubao!" Vikonti anawatazama wazee wa baraza. Mzee Pons: "Mimi nimeusikia. Na mimi huwa sisikii kitu." Vikonti: "Sheria inasema mwito. Haikusema shaba, haikusema mti. Siku imeisha. Umiliki haukupingwa." Vifijo, vigelegele, wake wa wavuvi wanapigana mabega.)

Ahsanteni. (Anakunywa maji aliyoletewa na Maryamu.) Ahsanteni sana. Shemasi Barsauma, nimekuwa nikiwaambia watu siku zote kwamba ubao ule una sauti ya malaika, na asiyenisikia nikisema hivyo hakuwa karibu.

(Arkidikoni anasimama, anatabasamu: "Basi, Bi Richolda, tuingie kanisani tushukuru.")

Tumefika kwenye shukrani, Baba Arkidikoni, subiri kidogo, ndiyo sehemu ya mwisho ya ratiba. Kwanza, namshukuru bwana yule wa Genova aliyetuazima hema lake kubwa, akaamini kwamba ni la harusi. Pili, namshukuru fundi Lambert aliyelichorea milango, madirisha na njiwa, na ndiyo sababu hawaruki. Tatu, naushukuru upepo kwa kutuheshimu. Nne, nawashukuru dada zangu wanne walioshikilia nguzo kwa nyuma tangu mchana bila kupiga chafya. Wapendwa wangu, sasa mnaweza kuachia.

(Ukuta wa Kanisa la Mtakatifu Afra unaanguka polepole, njiwa wakitangulia. Nyuma yake hakuna kanisa. Kuna wanawake wanne wananyoosha mikono, na katikati ya kiwanja kuna tanuri kubwa la mikate, linafuka.)

(Vikonti: "Kanisa liko wapi?")

Awamu ya pili, Mheshimiwa.

("Na awamu ya kwanza?")

Hiyo hapo. Mwaka mzima na siku moja nimeoka hapa mchana kweupe, mtaa mzima ukiona, Maryamu akileta unga wake, watawa wakinusa. Sheria ilitaka kiwanja kitumike. Haikusema kwa altare, haikusema kwa tanuri.

(Vikonti anafunika mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Ndugu Gosbert anaruka juu: "Basi kanisa halijashika kitu! Kama ni tanuri, kiwanja ni cha mwanamke huyu, si cha padre! Napinga umiliki huu! Napinga! Umiliki! Huu!" Vikonti: "Umeyasema vizuri sana, Ndugu Gosbert, yote matatu. Umechelewa. Kiwanja ni cha Bi Richolda.")

(Arkidikoni: "Na padre wako, mama? Bado hana pa kusimama.")

Anapo, Baba. Mwenye kiwanja ni mimi, na mwenye kiwanja anapangisha. Kesho misa inasomwa hapo mbele ya tanuri, penye joto, kifua chake kipone, mpaka tutakapojenga, na kujenga tutajenga, mchakato uko mbioni. Unalo pingamizi? (Arkidikoni anavuta harufu ya mkate. "Sina.") Iandikwe.

Nimalizie kwa kaulimbiu, wote kwa pamoja! Mtakatifu Afra! ("Utuombee!" Ndugu Gosbert pia, bila kutaka.) Kiwanja! ("Chetu!") Changu, lakini karibuni. Mbu! ("Wasubiri!")

Padre Aimeri, mwanangu, mpangaji wangu, masharti nayatangaza mbele ya mahakama ili usije ukayakana. Kodi ya kanisa hili ambalo halipo ni kwamba kila Jumapili, ukimaliza misa, unakula kwangu, unakula ukamaliza, na unavaa sufu mpaka niseme uvue. (Padre Aimeri: "Mama!" Umati: "Kubali!" "Haya, nimekubali.") Ahsanteni kwa kunisikiliza. Na sasa nisaidieni mikate, maana mimi nilikuwa naongea, na hakuna aliyekuwa anaigeuza.