Daktari wa Kutu na Pikapu ya Buluu

Dewey Stroud alikuwa na macho makali na dhamiri iliyokuwa likizo ndefu. Asubuhi hiyo ya Oktoba alikuwa mkahawani mjini Fennick, Ohio, akinywa kahawa ya bure (mwenye mkahawa alikuwa bado hajaambiwa kwamba ni ya bure), ndipo alipoiona pikapu ya mwaka hamsini na sita imesimama mbele ya kanisa. Buluu ile ile iliyotoka nayo kiwandani, imepauka kwa jua, imechubuka pale watu walipozoea kuegemeza viwiko, na mlangoni maandishi ya mkono bado yanasomeka: KLINGER, MAZIWA NA MAYAI.

Mtu wa kawaida angeona mkweche. Dewey aliona dola elfu ishirini zimeegeshwa vibaya. Kuna matajiri jijini Columbus ambao wakiona rangi ya zamani isiyoguswa hutokwa na machozi, na huku wanalia wanalipa.

Mwenye pikapu alikuwa Verna Klinger, mjane wa miaka sabini na mmoja, mtu wa sala na maneno machache. Dewey alimfuata hadi shambani.

"Mama Klinger, mimi ni daktari wa kutu. Nilikuwa napita tu, moyo ukanisuta. Hii chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inakumalizia gari kwa chini."

"Kila Oktoba nalala chini yake na bomba la kupulizia mafuta," alisema Verna. "Chesisi, ndani ya milango, kila tundu. Juu ya rangi napaka mafuta ya kitani kwa kitambaa. Marehemu ndiye aliyenifundisha."

"Mafuta!" Dewey alicheka kwa huruma, kama aliyesikia mgonjwa wa moyo anatibiwa kwa peremende. Akajitupa chini ya gari, akagonga kwa nyundo, na kutoka mkononi mwa shati lake, samahani, kutoka chini ya gari, yakamwagika magamba ya kutu ya kujaza kofia.

"Umeona, mama? Saratani hiyo."

"Naona," alisema Verna, akiutazama ule mkono wa shati.

Dewey akajitolea kuinunua ili amwondolee mzigo. Verna alikataa kuuza siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Dewey hakuchoka, kwa kazi ya halali angechoka mapema zaidi. Siku ya nne, mbele ya jirani yake Harlan Boggs, Verna akakubali: dola elfu mbili, mia sita zitangulie kama arbuni. Mia sita hizo ndizo zote alizokuwa nazo Dewey duniani, tena alizipata kwa kuuza jenereta ya mtu. Kwa desturi ya upande ule, mkishapeana mkono na arbuni ikatoka, mnunuzi akirudi nyuma anaiacha. Muuzaji naye akirudi nyuma, hakuna atakayenunua kwake hata yai.

"Naja Alhamisi na trela," alisema Dewey. "Ila usiiguse, mama. Hata kuiosha usiioshe."

"Si umesema ni mgonjwa?"

"Ndiyo maana. Ipumzike."

Alhamisi akafika anapiga mluzi. Mluzi ukamfia mdomoni. Pikapu ilikuwa kijani. Kijani cha kabichi, imepakwa kwa brashi pana ya ukutani kuanzia paa hadi bampa, maandishi na yote.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeipaka rangi. Ulivyonitisha na ile kutu, nikaona nisikupe kitu kiko uchi."

"Rangi ya kiwandani ndiyo ilikuwa mali! Mali yenyewe!"

"Kumbe?" alisema Verna. "Kwangu ulisema ni saratani tupu."

Harlan, aliyekuwa anatafuna tofaa pembeni, akauliza kwa upole, "Sasa bwana, unachukua au huchukui?"

"Nichukue hilo kabichi? Kaeni nalo!"

"Na arbuni?"

"Kaeni nayo!" Akaondoka na trela tupu linalorukaruka nyuma yake kama linamcheka.

Ijumaa mchana Dewey alikuwa mkahawani tena, mvua inanyesha, anawaza namna ya kumweleza tajiri wa Columbus aliyekwisha kumwahidi pikapu. Verna akaja akaegesha mbele ya kanisa. Kijani kikaanza kutiririka. Kilishuka kwenye paa, kikapita milangoni, kikaingia mtaroni, na nyuma yake ikatokea buluu inayong'aa mafuta ya kitani, haijapungua hata herufi moja. Daktari wa kutu alikuwa na sumaku, tochi na nyundo. Kidole kimoja kilicholowa mate, cha kuijaribu rangi, ndicho alichosahau.

Akatoka mbio mvuani. "Umenidanganya!"

"Wapi? Nilisema nimeipaka rangi, na nimeipaka. Ni rangi ya maji ya watoto wa shule ya Jumapili, na sabuni ya vyombo kidogo."

"Na kama ningeichukua?"

"Ingekuwa yako, mkono ni mkono. Tangu nimalize kupaka nilikuwa nasali usiichukue." Akafungua mwavuli wake. "Rudi ndani, Dewey. Ukilowa hivyo utashika kutu."