Ombi la Kuhamishwa kwa Muuguzi Anayetutisha kwa Mafua

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Mheshimiwa Daktari,

Salamu nyingi kutoka kiwanda chetu cha kuchapa vitabu vya shule, ambako mimi ndiye msimamizi. Kwa heshima zote naomba umhamishe muuguzi wa zahanati yetu, ingawa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuja kutufundisha habari za mafua, na tangu siku hiyo sina raha.

1. Alisema kuna mafua tuliyoyazoea na kuna mafua mapya, ambayo miili yetu haijawahi kukutana nayo, hivyo yanaweza kuzunguka dunia nzima. Mheshimiwa, nimepiga chafya kwa miaka hamsini na miwili. Mgeni hapo ni nani?

2. Alifungua madirisha yote, eti hewa ipite. Ikapita na kurasa zetu. Hesabu ikachanganyika na historia, na watoto wa darasa la tano nusura wafundishwe kugawanya wafalme kwa kumi na mbili.

3. Alisema anayeumwa abaki nyumbani, tena mtu anaweza kuambukiza wenzake kabla hajajijua. Mzee Gundi, fundi wetu wa majalada, akadakia: "Bosi, basi huenda naumwa na sijui." Nikamwambia, "Kama hujui, fanya kazi." Kesho yake alikuja akitetemeka. Nilimsifu hadharani, nikamkalisha katikati ya wenzake ili wajifunze bidii.

4. Hili ndilo kubwa. Alidai watu wakiugua kwa mkupuo vitanda havitatosha, kwani hata dereva wa gari la wagonjwa, mwoka mikate na wauguzi wenyewe wana mapafu. Huu ni uchochezi! Naomba ofisi yako iagize kwamba ugonjwa wowote mpya uombe kibali kwa maandishi, siku kumi na nne kabla, kisha uje kwa zamu: watu wa mashine Jumatatu, watu wa majalada Jumanne. Msimamizi asiguswe, hana wa kumshikia nafasi.

Nifikishie salamu kwa makarani wako, walinzi wa getini, na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mtiifu wako,
Msimamizi wa Kiwanda

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku sita kwa kuwa tarishi anaumwa. Sasa anayeandika ni mke wangu. Mimi nasema maneno mawili, napumzika. Kati yetu wafanyakazi kumi na mmoja wa kiwanda, tisa tumelala wagonjwa. Mzee Gundi anapumua kwa oksijeni kwenye korido ya hospitali, maana wodi imejaa, na shemeji yuko naye zamu ya tatu bila kupumzika. Jana mke wa Mzee Gundi alinipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Bosi, hukumwona kama anatetemeka?"

Nilimwona, Mheshimiwa.

Muuguzi mwache hapa hapa. Wa kuhamishwa ni mimi.