Malalamiko Kuhusu Ayuma, Mwanafunzi Asiyekosa Darasa

Darasa la Jioni la Watu Wazima,
Ukumbi wa Kanisa, Jericho,
S.L.P. ile ile ya kanisa,
Nairobi.
13 Septemba 1999

Kwa Bwana Mureithi,
Mratibu, Mradi wa Masomo kwa Kompyuta.

Mheshimiwa Bwana Mratibu,

MINT: KUFUNGWA KWA DARASA LENYE MWANAFUNZI MMOJA

Barua yako ya tarehe sita nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeketi. Unasema kompyuta mliyotuletea mwezi wa tano imewatumia ripoti, na ripoti inaonyesha nina mwanafunzi mmoja tu, jina lake Ayuma. Unasema mradi hauwezi kulipia ukumbi na simu kwa ajili ya mtu mmoja, hivyo tarehe thelathini nirudishe funguo. Kisha katika aya ya mwisho unampongeza huyo huyo Ayuma kwa kupata tisini na mbili katika jaribio la hesabu za sehemu, na unamwalika ofisini achukue cheti. Mmemfukuza na kumpongeza kwa stempu moja. Hongereni kwa kubana matumizi.

Bwana Mratibu, nina watu thelathini na mmoja kwenye viti, na Ayuma simhesabu. Mtihani wa darasa la nane ni mwezi wa kumi na moja. Mkifunga sasa, hawatafanya, na wengine wao hawana mwaka mwingine wa kungoja. Kwa hiyo niruhusu nilalamike kwa mpangilio, kwa heshima zote anazostahili mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa.

1. Ayuma hayuko. Alikaa nasi wiki moja, akaenda kwao Mbale kungojea kujifungua. Amepata msichana, kilo tatu na nusu, wote wazima, nashukuru kwa kuuliza. Lakini ripoti yako inasema hajakosa hata siku moja. Jumanne ya tarehe tatu Agosti, siku aliyojifungua, eti alifanya jaribio la sehemu mara kumi na nne katika jioni moja, akapata alama kumi na nne tofauti, kuanzia nane hadi tisini na mbili. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo, nakuhakikishia. Mimi ningekuwa mratibu, hapo ningeuliza swali. Wewe uliandika cheti.

2. Sasa nieleze kosa lilivyotokea, maana ni letu na silikatai. Siku ya kwanza kompyuta ilimtaka kila mwanafunzi atoe anwani yake ya barua pepe. Bwana Mratibu, sisi hapa tunatumia sanduku moja la posta, la kanisa. Barua ya kila mtu huja kupitia kwa kanisa, na Jumapili baada ya matangazo majina yanasomwa, unainua mkono, unapewa. Hatujawahi kupoteza barua. Kwa hiyo mliponipa anwani moja ya darasa, tuliona imetosha, tena imezidi. Ayuma aliingia kwanza. Wa pili akakataliwa, akaambiwa anwani hiyo ina mwenyewe. Basi tukafanya kama watu wenye akili: wote wakaingia kupitia kwa Ayuma. Posta ya nchi nzima inauelewa mpango huu. Kompyuta yenu iliyosafiri kwa ndege imeshindwa.

3. Kompyuta pia ilimtaka kila mtu ajieleze, nao wakajieleza, kwani ni watu wa adabu. Ndiyo maana kwenye faili lako Ayuma ana umri wa miaka kumi na tisa na pia hamsini na nne. Anauza nyama soko la Burma, anashona viatu vya tairi Kariokor, analinda geti la kiwanda usiku, na ana watoto arobaini na wawili. Mwanamke wa namna hii haitwi ofisini kupewa cheti. Anafuatwa kwake na gari.

4. Kuna mama hapa anaitwa Wacera. Anafua nguo za watu huko Buruburu, na mwaka huu ndio ameanza kuandika. Siku alipoandika jina kwenye mashine kwa mara ya kwanza maishani, jina lenyewe halikuwa lake. Alitazama kioo, akaniuliza, "Mwalimu, na mimi nitaingia lini?" Hapo niliumia, Bwana Mratibu, na bado nimekasirika, sitaki kukuficha.

5. Kwenye semina mlituambia programu hii ni ya bure, haina mwenyewe, na utumbo wake umeachwa wazi ili mwalimu asiyeridhika aurekebishe mwenyewe. Mliipigia makofi na mimi nikapiga. Nimemwita fundi wetu wa redio, Makau, tukaufungua huo utumbo kwenye kioo. Tulikuta kurasa kwa kurasa za mabano na nukta. Makau alikuna kichwa, akasema, "Madam, hii maneno ni noma, wacha tuifunge kabla haijatujua." Tukaifunga. Kumwachia mwalimu wa Kiswahili programu wazi ni ukarimu mkubwa. Mngemwachia na mtu wa kuisoma ingekuwa msaada.

6. Mashine hutuma ripoti zake kwa simu ya ukumbi; simu hiyo ina kufuli, na ufunguo uko soksini mwa Mzee Phares, mtunza ukumbi. Jumatano ni maombi, soksi haifunguliwi. Jumatano zote hizo mmeziandika kuwa nimetoroka kazi.

7. Mliposhusha mashine mlimwondoa mwalimu wetu wa hesabu, Bi. Mukai, mkaniambia hesabu zote zimo ndani na kazi yangu ni kuwasha. Nimewasha. Nasema bila kumung'unya maneno: mashine hii haijamfundisha hesabu mtu yeyote katika ukumbi huu.

Kwa hayo, naomba uje Ijumaa na pikapu, uibebe mashine yako, uturudishie Bi. Mukai, na uje na mtu wa kuhesabu vichwa. Vichwa ni rahisi; kila mtu huja na kimoja. Daftari la mahudhurio nimeliambatisha. Kama bado unaamini ripoti, basi msajili Ayuma peke yake kwa mtihani. Atafika Novemba na kalamu thelathini na moja, na nitamwomba msimamizi amwongezee viti.

Nisalimie wote ofisini: karani aliyepiga barua yako chapa bila kosa hata moja, dereva, askari wa getini, na huyo kijana wa semina aliyesema teknolojia itatuleta karibu. Wabwire na Jacky wa benchi la mbele wanakusalimu. Ayuma anakusalimu kutoka Mbale, na mtoto pia.

Ni mimi ninayewasha mashine,

Mwl. Triza Khavere

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi, nimeifungua tena kwa sababu nimekumbuka wewe ni mtu wa kuhesabu. Kwenye daftari, ukimwondoa Ayuma, utapata majina thelathini. Sikukudanganya. Wa thelathini na mmoja ni mimi. Hesabu ilinishinda tangu nikiwa darasa la sita, na alama niliyopata kwenye mtihani wangu hata mume wangu haijui. Yale majaribio kumi na nne ya Jumanne ile hayakuwa ya watu kumi na wanne. Yote yalikuwa yangu, nikiwa nimejifungia baada ya wanafunzi kwenda, na mashine haikuguna hata mara moja. Sasa niko kwenye desimali, yamebaki masomo manne. Tafadhali Ijumaa usije na pikapu. Lete Bi. Mukai tu. Na kile cheti msikitupe. Nitakuja kukichukua mwenyewe, hata kama kimeandikwa Ayuma.