Spika za Kusikika mpaka Ouani

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya watu wawili watatu. Nimeadhirika mbele ya mji wa Mutsamudu wote, na mji wenyewe ulikuwa umekaa juu ya mapaa, umestarehe.

Jamaa zangu wa Ng'ambo, mlionisindikiza bandarini Unguja nikirudi kwetu Ngazija (kwetu kwa babu, mimi nilikuwa sijawahi kupaona), nilishawaandikia kwamba hapa Moroni nimekuwa meneja wa bendi. Bendi za huku zilikuwa zikila kwenye harusi kubwa. Mwenye harusi anachinja ng'ombe, wageni wanacheza na kumtunza mwimbaji pesa, sote tunalala tumeshiba. Halafu tukapata uhuru, ikaja serikali hii ya vijana, ikapiga marufuku harusi kubwa. Tukabaki na magitaa.

Ndipo nikapata akili. (Kosa lilianzia hapo.) Nikawaambia wenzangu kwamba wanamuziki wa Ulaya hawangoji mtu aoe. Wanafunga safari mji kwa mji, na vyombo vikubwa, wanauza tiketi mlangoni. Nasi tufanye hivyo, tuanze na Mutsamudu, kwenye kisiwa cha pili. Mwimbaji wetu, Mbae, mtu mpole wa Ntsoudjini, alishauri twende na spika zetu ndogo tu, tupige, watu watunze wanavyopenda kama desturi. Nilimjibu kwamba hiyo ni biashara ya kishamba. (Mshamba ni nani, mtaona.)

Nikakodi spika kwa mfanyabiashara mmoja wa Badjanani, kila moja kimo cha kabati la nguo, na jenereta ya kuziendesha. Nauli ya boti ikamaliza mfuko wa bendi. Ya kurudia, nikasema, tutaipata mlangoni.

"Na tusipoipata?" Mbae akauliza.

"Tutaoa huko huko," nikajibu. Watu wakacheka. Mbae hakucheka, ana mke na watoto wanaomngoja.

Leo asubuhi nzima nilikuwa nikijenga ua. Uwanja wa shule tuliopewa na kamati ya vijana uko chini kidogo ya mji mkongwe, na mimi sikutaka mtu achungulie bure. Nikanunua makuti, nikaziba kila upenyo, kisha nikazunguka nje mwenyewe nikiinama na kuchungulia kama mwizi. Hakikuonekana kitu. Nikaridhika. Nilikuwa nimezuia macho yote ya Mutsamudu. Masikio sikuyafikiria.

Baada ya sala ya alasiri nikavaa suti, nikakaa mlangoni na tiketi zangu, nikaamuru spika zifunguliwe mpaka mwisho. Nilikuwa nimetangaza kwamba tutasikika mpaka Ouani, kwenye uwanja wa ndege. Na kweli tulisikika mpaka Ouani. Nimethibitishiwa na mtu aliyekuwa huko, anasema raha tupu.

Mlangoni hakuja mtu. Nikangoja wimbo wa kwanza, nikangoja wa pili. Mwisho akaja mzee mmoja, akanunua tiketi bila kuomba apunguziwe, nikataka kumkumbatia. Akanieleza kwamba masikio yake ni mazito, akiwa nyumbani asingesikia vizuri.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Mapaa yamejaa. Akina mama wametandika mikeka, wanamenya machungwa. Watu wako madirishani, wako vibarazani, wengine wanacheza kwa heshima zao. Na nahodha wa boti yetu, niliyempa tiketi ya bure ili aje aone jinsi nitakavyoipata nauli yake, ameketi chomboni kwake bandarini, miguu juu ya kamba, anatikisa kichwa kwa mdundo wetu.

Hasira zikanipanda. Nikapanda jukwaani, nikauzima wimbo katikati, nikachukua maikrofoni. Nikasema (kwa spika zile zile) kwamba kusikiliza jasho la watu bila kulipa ni aibu kwa mji wenye ustaarabu kama huu.

Kisha kwenye paa la karibu akasimama bibi mmoja, wenyewe wanamwita Koko, ndiyo bibi kwa lugha ya huku. Hakuhitaji maikrofoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekaa kwangu. Aliyeingia ni wewe, tena hukupiga hodi. Sasa nikulipe kwa kuingia nyumbani kwangu?"

Pembeni yangu Mbae alijizuia, akajizuia, akashindwa. Akaangua kicheko mdomo ukiwa kwenye maikrofoni, na kicheko cha mwimbaji wangu mwenyewe kikatoka kwenye spika nilizozikodi mimi, kikaenda mpaka Ouani. Mapaa yakamwitikia. Mzee mwenye masikio mazito naye alicheka. Alisikia vizuri.

Mbae akaninyang'anya maikrofoni taratibu, akaamuru sauti ishushwe. "Koko, tusamehe," akasema. "Hodi."

"Karibu, mwanangu."

Akaimba. Wakaanza kushuka. Wakaja wamependeza, wakapita mlangoni kwangu, wakanisalimia kwa adabu, tiketi hakuna aliyeiulizia. Walikwenda moja kwa moja kwa Mbae wakimtunza huku wanacheza, na wengi walitoa zaidi ya bei ya tiketi waliyoikataa. Koko aliteremka wa mwisho. Alinipa chungwa.

Magharibi ilipoingia, nauli ilikuwa imejaa mifukoni mwa Mbae. Tukateremka bandarini, spika na jenereta zikapakiwa kwanza. Nahodha akauliza safari ya kesho atabeba nini na nini. Nikafungua mdomo, mimi ndiye meneja. Mbae akaniwahi.

"Wanamuziki wote," akamwambia, "na mzigo mmoja."

Nikamkumbusha kwamba mizigo yote imeshapakiwa. Akaniangalia mimi na suti yangu. Akalipa.

Mkicheka, msiniandikie.